Kambale wamepungua: shajara ya kijito kimoja cha Mara, Septemba 2023 hadi Juni 2025

Septemba 2023

Miche iko kitaluni, vuli haiko mbali, na kikundi chetu kizima cha kuhuisha kijito kinataka kupanda. Nimewazuia. Kwanza tuvue. Tusipojua leo kijitoni kuna samaki gani, mwakani tutabaki kulinganisha hadithi na hadithi, na katika hadithi za wavuvi samaki wa zamani siku zote ni mkubwa.

Kijito ni kimojawapo ya vile vinavyoingia Mto Mara upande wa Tanzania, chini ya Hifadhi ya Serengeti na juu ya mafunjo yanayotandaa mpaka daraja la Kirumi. Jina lake sitaliandika. Siku tukitangaza kwamba kuna samaki aitwaye ningu, wenye nyavu za timba, zile za nailoni zilizokatazwa, watafika kabla ya wasomaji wengine.

Hali ilivyo sasa: bustani zimeshuka mpaka maji yanapopita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe. Hapa kijijini hata mtoto wa darasa la nne anaijua hiyo sitini, na baba yake ana nyanya ndani yake. Ng'ombe wanashuka kunywa popote, kwato zimebomoa kingo, na kwenye kona mbili wachimba mchanga wameacha mashimo ya kumzamisha mtu. Sakafu ya kijito ni tope tupu. Changarawe ipo, ila uifukue kwa mkono ndipo uione.

Kazi iliyopangwa ni kujenga mbauti za kunyweshea mifugo mbali na maji, kupanda majani ya mabingobingo na mikuyu kingoni, kukata mikaratusi iliyozunguka chemchemi, na kusimamisha uchimbaji wa mchanga kwenye zile kona. Kuna pia kalavati la barabara. Hilo nitalieleza zamu yake ikifika.

Tutavua sehemu tatu: kipande tutakachokihuisha, kipande kilicho juu ya kalavati, na kijito jirani ambacho hatutakigusa kabisa. Hicho cha tatu ndicho kinachowaudhi wajumbe. Kwa nini tupoteze siku kuvua mahali ambapo hatufanyi kazi? Kwa sababu mvua ikiwa nzuri samaki huongezeka kila mahali, hata kwa wasiopanda mti, na sisi tutajisifia mvua.

Oktoba 2023

Zana ni migono, mitego ya kusukwa inayolala majini usiku kucha, na wavu mmoja ulioshonwa vipande vya macho tofauti, kwa kibali cha utafiti. Kwenye makutano na mto mkuu hatuingii majini. Mamba wa Mara hawasomi kibali.

Matokeo: kambale, kambale, na kambale tena. Wachache ni domodomo na furu. Visamaki vidogo vya jamii ya kuyu, vile vya urefu wa kidole, vipo kwenye kijito jirani penye mawe, kwetu karibu hakuna. Ningu hatukupata hata mmoja juu ya kalavati. Chini yake tulipata wachache, wote wakubwa, hakuna mtoto.

Kuna kambale mmoja tulimwacha kwenye ndoo yenye maji kidogo tukamsahau wakati tukipima wengine. Tuliporudi jua lilikuwa limepanda na yeye bado anainua kichwa, anameza hewa, anashusha. Nilimfunua kifuniko cha shavu kuwaonyesha vijana kile kiungo kilicho juu ya matamvua, chenye matawi mekundu kama koliflawa, kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje. Samaki wa namna hii hahitaji mto mzuri. Tope, maji ya moto, oksijeni kidogo, vyote anavivumilia, na wenzake wasiovumilia wakiondoka anabaki peke yake na chakula chote. Kwa hiyo kijito kibovu kinaweza kutoa kilo nyingi sana za samaki. Nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye daftari la kikundi maana najua huko mbele itatuletea maneno.

Desemba 2023

Mvua za El Niño. Nusu ya mabingobingo ya kona ya kwanza imekwenda na maji kabla hayajashika. Mikuyu tuliyoipanda juu zaidi imesalimika. Mbauti ya kwanza imekamilika, ya pili inasubiri saruji.

Mvua hizi zimetupa nafasi ya kulitazama kalavati likifanya kazi yake mbaya. Ni bomba la zege chini ya barabara ya vumbi. Miaka ya maji kumwagika kutoka mdomoni mwake imechimba dimbwi upande wa chini, kwa hiyo mdomo sasa unaning'inia, na kati yake na dimbwi kuna kimo cha goti la mtu mzima. Ningu hupanda kutoka mto mkuu mvua zinapoanza, anatafuta majani yaliyofurikwa ili atage. Akifika hapa anaruka, anagonga zege, anarudi. Wanakusanyika dimbwini, na watoto wa shule wanajua saa ya kuja na ndoo. Hata akifanikiwa kuingia bombani, ndani ni maji membamba yanayokimbia kwenye sakafu laini isiyo na pa kupumzikia.

Tunaweza kupanda miti mpaka milimani. Kama hapa hapapitiki, ningu wa juu hawatatoka popote.

Ningu tayari ana historia ya kuziwiwa njia. Nyavu za macho ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905, wavuvi wakagundua kwamba msimu wa mvua huyu samaki hujipanga mwenyewe kwenye midomo ya mito akiwa na mayai tumboni, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Walivuliwa wakiwa njiani kwenda kuzaa. Dimbwi letu la kalavati ni mdomo wa mto mwingine mdogo.

Mei 2024

Mwezi wa mafuriko. Mwishoni mwa Aprili Talek ulifurika upande wa Kenya, kambi za watalii za Maasai Mara zikafunikwa, na siku zilizofuata maji yaleyale yakatufikia. Hatukuvua. Kazi ilikuwa kutazama kipi kimebaki.

Kimebaki kingi kuliko nilivyotarajia. Kona ya pili mafuriko yamesomba tope na kuacha changarawe juu, safi, eneo la kutosha kutandika mikeka kadhaa. Hatukuifanya sisi. Tulichofanya ni kuwaondoa wachimba mchanga ili maji yapate cha kupanga.

Julai 2024

Kiangazi, mbauti zote zinatumika, kazi ya shamba hakuna. Nimekuwa nikisoma juu ya mito ya wengine.

Huko Marekani, jimbo la Washington, mto Elwha ulikuwa na mabwawa mawili, la kwanza la mwaka 1913 na la pili la 1927, yote hayana njia ya samaki. Yalivunjwa kati ya 2011 na 2014. Nilichotaka kujua ni kilichotokea katikati, maana habari nyingi huruka kutoka kwenye baruti hadi kwenye picha ya samoni. Katikati ilikuwa tope. Mchanga na udongo uliokaa nyuma ya kuta kwa karibu karne moja ulishuka wote, mto wa chini ukawa kama uji, kokoto za kutagia zikafunikwa, na kwa muda hali ikawa mbaya kuliko kabla ya kazi. Kabila la Lower Elwha Klallam, ambao mto ni wao, waliacha kuvua. Hawakurudisha nyavu mto ulipoonekana msafi. Walisubiri hadi Oktoba 2023, wakafungua uvuvi mdogo wa samoni aina ya koho kwa ajili ya mila na chakula cha nyumbani. Zaidi ya miaka kumi. Sisi tuna mfuko wa miaka mitatu na wajumbe wanaouliza tutafungua lini.

La pili ni la Ujerumani. Watafiti walipitia vipande vya mito vilivyohuishwa wakauliza kwa nini vingine vinapata samaki wapya na vingine havipati, hata ukarabati ukiwa mzuri. Jibu lao, lililochapishwa 2013, ni kwamba kinachoamua zaidi ni kama samaki hao tayari wanaishi karibu, hasa ndani ya kilomita tano. Mawe na miti havizai samaki. Vinampokea aliyeko jirani.

Hapo sisi tumebahatika. Jirani yetu ni Mara yenyewe, na Mara ina ningu, kuyu na hongwe walioshiba. Utafiti wa 2017 ulikadiria nyumbu 6,250 hivi huzama mtoni kila mwaka wakati wa kuvuka, na samaki hao watatu ni miongoni mwa wanaokula mizoga. Wageni hulipa kutazama nyumbu akivuka. Anayefaidi nyumbu asiyevuka haonekani.

Kwa hiyo tatizo letu halikuwa samaki kutokuwepo. Ni mlango. Nimewaandikia wenye barabara tena kuhusu kalavati.

Oktoba 2024

Tumevua sehemu zote tatu, mwezi uleule na kwa zana zilezile. Kipande tulichokihuisha kina aina nyingi kuliko mwaka jana. Visamaki vya mawe vimeingia kwenye changarawe ya kona ya pili, na kuyu wadogo wapo. Kambale wamepungua waziwazi, na uzito wote ukiujumlisha umeshuka. Kijito jirani kambale ni walewale. Domodomo wameongezeka kote kuwili, kwa hiyo hao siwezi kuwadai.

Mimi nilifurahi. Kijijini mambo yalikuwa mengine. Mzee mmoja anayetega migono kwenye kijito hiki tangu ujana wake alinisubiri njiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, mto mmeusafisha. Sasa kambale mmewapeleka wapi?"

Nikamweleza: kivuli kimeongezeka, tope limepungua, mashimo ya mchanga yaliyokuwa makao yao yamejaa, samaki wengine wamerudi kugombania chakula. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hao wengine ukubwa wao?"

Nikamwonyesha kidole.

"Basi mmeleta kitoweo cha korongo," akasema, na kijana aliyekuwa naye akacheka, "Mura, hata korongo hashibi."

Sina jibu la haraka kwa mzee huyu na sidhani anastahili jibu la haraka. Kambale mmoja mkubwa ni mboga ya nyumba yake siku mbili. Ripoti za miradi ya mito zimejaa aina za samaki zilizorudi; ni chache zinazosema nani amekosa kitoweo katikati ya safari. Kilichotoka kwenye kikao kilichofuata ni kwamba migono ya wazee wanaotegea chakula cha nyumbani haitaondolewa, ila itakaa chini ya kalavati tu. Mwalimu wa shule alipinga, akisema ukiacha mlango mdogo wachuruzi watapita na gari. Huenda ana haki. Tumepitisha hivyo hivyo.

Novemba 2024

Mvua ya kwanza kubwa baada ya kiangazi, na asubuhi yake maji ya mto mkuu yalikuwa meusi, yananuka. Samaki wakaelea. Simu zikaanza: mmeweka dawa gani kijitoni?

Hapa Mara huwezi kutaja maji meusi bila watu kukumbuka Machi 2022, samaki walipokufa, matumizi ya maji yakazuiwa, na kamati iliyoundwa na serikali ikasema chanzo ni kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza. Nchi nzima ilicheka. Ya mwaka ule siyahukumu hapa. Ila kwamba kinyesi kinaweza kumkosesha samaki pumzi, hilo si kichekesho, na mto huu umeshapimwa. Upande wa Kenya wa Mara kuna viboko zaidi ya 4,000. Mchana wanajazana madimbwini, wanakunya humo, na kiangazi chote ule uchafu unakaa chini ukioza bila oksijeni. Mvua ikija inalisukuma dimbwi zima mara moja. Utafiti uliochapishwa 2018 uliorodhesha katika miaka mitatu matukio 49 ya maji kujaa yaliyoshusha oksijeni mtoni, 13 kati yake yakiishusha kufikia kiwango cha kumkaba samaki, na katika miaka mitano vifo vya samaki mara tisa. Chanzo hicho si mgodi wala mradi.

Tulishuka hadi makutano na kipimo cha oksijeni. Ndani ya mto mkuu kilishuka karibu na sifuri. Tukakisogeza kuelekea kijito chetu, hatua chache tu, kikapanda. Na hapo penye mpaka wa rangi mbili za maji, samaki walikuwa wamebanana: ningu, kuyu, hongwe mmoja mkubwa aliyelala ubavu, midomo yote imeelekezwa kijitoni. Waliingia. Jioni walikuwa wamejaa mpaka chini ya kalavati.

Hili halimo kwenye andiko la mradi. Tuliomba fedha ili samaki waje kuzaa; hakuna aliyeandika kwamba kijito chenye maji mazuri ni mahali pa kukimbilia mto mkuu unapokosa pumzi. Kama kungebaki na tope lile la 2023, sioni wangekimbilia wapi, isipokuwa kambale, ambaye hakuhitaji kukimbia.

Watu walikuja na vikapu, bila shaka. Walinzi wa kikundi walisimama kwenye makutano usiku kucha. Baadhi ya vikapu vilijaa hata hivyo.

Februari 2025

Fomu ya wafadhili ina swali moja juu ya samaki: wameongezeka kwa asilimia ngapi? Kwa uzito, wamepungua. Nikijaza hivyo mradi umeshindwa. Nikihesabu idadi badala ya uzito, umefanikiwa kupita kiasi, kwa sababu visamaki vya kidole ni vingi. Namba zote mbili ni za kweli na hakuna hata moja inayoeleza kilichotokea.

Nimeomba swali libadilishwe liwe matatu. Kuna aina ngapi, na ni zipi zisizovumilia tope? Je, wapo watoto wa ningu na kuyu, au ni wageni wakubwa tu? Tofauti na kijito jirani ni ipi? Wamekubali mawili ya kwanza. La tatu wamelirudisha na alama ya kuuliza, kwa sababu ileile ya wajumbe wetu.

Kibali cha kalavati kimetoka.

Machi 2025

Kazi ya kalavati imekwisha kabla ya masika kukolea. Hatukulibomoa. Fundi amepanga mawe makubwa kuanzia dimbwini kupanda hadi mdomoni, kwa mteremko mrefu wa taratibu, kila safu ikizuia maji kidogo ili samaki aruke kimo cha kiganja badala ya goti. Ndani ya bomba ameshikiza mawe kwa zege, moja kushoto moja kulia, maji yasikimbie. Nilitaka nafasi pana zaidi kati ya mawe. Fundi akasema zikipanuka hivyo mafuriko yatayabeba. Tulibishana mchana mzima na mwisho tukafuata yake kwa bomba na yangu kwa ngazi.

Aprili 2025

Wamepanda.

Mvua ilinyesha mchana, na usiku tukaenda na tochi tulizozifunga kitambaa chekundu. Kabla ya kuwaona tuliwasikia, mikia inapiga mawe. Ningu anapanda kwa vipindi: anajibana nyuma ya jiwe, anatulia, anajirusha safu moja, anatulia tena. Wengine walirudishwa na kuanza upya. Tuliokota mmoja upande wa juu wa barabara, jike, midomo minene imeelekea chini kama ilivyo kwa samaki wanaokwangua ukoga kwenye mawe. Nilipomgusa tumbo taratibu, mayai yakatoka yenyewe. Tukamrudisha.

Yule mzee alikuwepo. Alimshika ningu mwingine kwa mikono miwili, akampima kwa macho, akasema juu ya kalavati hajamwona huyu tangu barabara ijengwe. Kisha akauliza ataruhusiwa lini kumla.

Juni 2025

Juu ya kalavati, kwenye majani yaliyofurikwa na baadaye kwenye madimbwi yaliyobaki, tumepata vifaranga. Kwa ukubwa huo ningu na baadhi ya visamaki vya mawe hufanana, kwa hiyo tumewahifadhi wachache na kuwapeleka kwa wataalamu Mwanza. Wamethibitisha ningu. Kijito jirani, ambacho nacho kina kalavati, hakuna.

Kambale hawajaongezeka. Uzito wote umepanda kidogo kutoka mwaka jana lakini haujafika ule wa 2023, na sidhani utafika karibuni.

Mkutano wa kijiji umekaa kujadili kufunga uvuvi kijitoni. Pendekezo letu lilikuwa kufunga kuanzia mvua za kwanza hadi maji yashuke, misimu yote miwili, kwa miaka mitatu. Kilichopita ni wiki sita za mwanzo wa masika, mwaka mmoja, kisha mkutano ukae tena. Vuli haikukubaliwa. Faini imeandikwa, atakayeikusanya bado, maana mtendaji anasema ni kazi ya BMU, kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za uvuvi, na BMU inasema mwalo wake uko ziwani. Ngazi ya mawe imepoteza jiwe moja la safu ya tatu, fundi anakuja Jumamosi. Kuvua tena kwa vipimo ni Oktoba, sehemu tatu zilezile.